Shule ya msingi: ya Serikali au ya Kanisa Katoliki?
Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni Tanzania mikononi mwa Serikali, hivyo wengi wa wazazi wetu walisoma kwenye majengo ya mapadre bila mjadala huu.

Leo, kwa gharama, Serikali inashinda: hakuna ada, ingawa sare, madaftari na mchango wa uji vipo. Hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto anayeanza hesabu kwa lugha anayoijua huelewa haraka. Hilo nalithamini sana. Shule ya Kanisa mara nyingi hutumia Kiingereza, na darasani watoto ni wachache.

Kipato kikitegemea mavuno, anzia ya Serikali. Mshahara ukiwa wa uhakika na mtoto anahitaji kufuatiliwa kwa karibu, mpeleke kwa masista.