Jengo la umeme mtupu au lenye gesi: ukienda kukagua nyumba

Wakala atakuonyesha mandhari ya ghorofa za juu kwanza. Mwombe aanzie jikoni.

Kwenye jengo la gesi moto unauona, na wapishi wengi wanaupendea hilo. Lakini moto huohuo hutoa nitrojeni dioksaidi, gesi inayodhuru mapafu, ndani ya nyumba, na sehemu kubwa ya joto lake hupotea pembeni mwa sufuria. Kwenye jengo la umeme utakuta jiko la induksheni, ambalo hupasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku. Nenda na sumaku: isiponata kwenye kitako cha sufuria zako, itabidi ununue nyingine.

Kwenye kupasha nyumba joto, umeme unashinda waziwazi. Boila ya gesi, mtambo unaochoma gesi ili kupasha maji na nyumba, haiwezi kutoa joto zaidi ya lililomo kwenye gesi. Pampu ya joto, mtambo wa umeme, huvuta joto kutoka nje, na kwa kila uniti 1 ya umeme mara nyingi hukupa uniti 2 hadi 4 za joto. Ila uliza gharama inasoma kwenye mita ya nani, yako au ya mwenye jengo. Hilo wengi hulisahau.

Umeme ukikatika? Gesi utaiwasha kwa kiberiti, sawa, lakini lifti na pampu za maji husimama kwenye majengo yote mawili. Ulizia jenereta au betri inabeba nini.

Mimi ningechukua la umeme, hata pale gridi (mtandao wa kusambaza umeme) inapotegemea makaa ya mawe: gridi inaweza kusafishwa mwaka hadi mwaka, bomba la gesi litaendelea kuchoma gesi.