Sindano ya anti-D: dawa nyota nne, kliniki nyota moja

Nimechomwa anti-D mara mbili mimba hii, wiki ya 28 na baada ya kujifungua, kwa hiyo naongea kitu nakijua. Ni ya sisi wenye damu hasi, wale maabara wanatuita negativu, tukibeba mimba ya mwanaume chanya. Inachomwa kwenye msuli, mi nilichomwa begani, maumivu ya kawaida tu, kesho yake pakavimba kidogo basi.

Nilikuwa naambiwa eti mtoto tumboni ndo anapigana na damu ya mama, kumbe wala, mtoto wa watu hana kosa! Ni mwili wa mama ukiona seli za mtoto zimevuja kuingia kwenye damu yake unatengeneza kingamwili, na ukishazitengeneza hausahau. Mimba ya kwanza mara nyingi inapita salama maana damu zinachanganyika zaidi siku ya kujifungua, shida ni inayofuata, kingamwili zinavuka kondo zinavunja seli nyekundu za mtoto, anaishiwa damu, anaweza kuvimba mwili mzima, akizaliwa manjano matupu. Anti-D inawahi kuzoa zile seli kabla mwili haujashtuka. Ila ukishachelewa, hata uchomwe kumi hazisaidii kitu, ndo maana wanakupima Coombs kwanza, kipimo cha kuona kama damu yako ina kingamwili hizo tayari.

Halafu inatengenezwa na plazma, yale majimaji ya damu, ya watu wanaojitolea, kulikuwa na mzee wa Australia, James Harrison, aliyefariki 2025, alitoa mara 1,173 mpaka 2018, mi hata mara moja sijawahi.

Sasa kliniki. Kadi yangu iliandikwa O hasi kwa peni nyekundu toka hudhurio la kwanza, wakazungushia na duara kabisa, na hakuna aliyefungua mdomo mpaka nilipouliza mwenyewe hiyo duara ya nini. Mimba ya kabla ya hii iliniharibikia ya miezi minne, na pale pia nilitakiwa kuchomwa, nikarudishwa nyumbani na panado. Coombs ikatoka safi, bahati tu hiyo. Nimejifungua, mtoto chanya, mwisho ni saa 72, naambiwa friji haina dawa, mume wangu kazunguka weee kaipata saa ya 61.

Hiyo nyota moja ni ya nesi wa zamu ya usiku, alikuja kunichoma saa nane na mtoto wala hakuamka.