Nimechora majalada sita ya santuri kwa Krita: uzoefu wangu

Marehemu baba aliacha sanduku la santuri ndogo za inchi 7, nyingi za bendi za Tanga kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Karibu zote ziko kwenye bahasha ya karatasi yenye nembo ya kampuni na tundu katikati, basi. Sura ya mwimbaji hakuna. Nimekua na sauti zile bila kujua wenyewe walifananaje, na jambo hilo limeniuma miaka mingi.

Ndipo nikabuni lebo yangu, nikaiita Mkonge. Haipo popote ila kwenye kompyuta yangu. Ina wapiga gitaa, ina kikundi cha taarabu, wote wa kubuni, na kila mmoja nimemwahidi jalada lenye sura yake.

Programu niliyochorea ni Krita. Ni programu huria ya jumuiya ya KDE, na ukiipakua kwenye tovuti yao hulipi hata senti. Kwa anayechora kwa mkono, kwa kalamu na tableti, sijaona ya bure inayoifikia. Brashi zake zinatii, na ukiwasha kile kitulizi cha mstari, hata mkono unaotetemeka unatoa shingo ya gitaa iliyonyooka.

Kilichoniteka hasa ni kanga. Mwimbaji wangu wa taarabu lazima avae kanga, na kanga ina pindo, mji (ile sehemu ya katikati) na jina (maneno yake). Ukivuruga hapo, mama yeyote wa Pwani atajua mchoraji hajui anachochora. Ndani ya Krita unabonyeza W, turubai inaanza kujirudia pande zote: mstari ukitokea kulia unaingilia kushoto. Nilichora korosho moja tu, nikaona mji mzima unajaa korosho, kiungio hakionekani. Nikaihifadhi kama pateni, nikaimwaga kwenye nguo, kisha nikaipinda kufuata mikunjo ya bega na kiuno. Chini nikaandika jina: WEMA HAUOZI. Usiku ule sikulala mpaka nimemaliza.

Nembo na maandishi nilifanyia Inkscape, nayo ya bure. Kule herufi ni vekta, unazikuza hadi ukubwa wa bango na kingo zinabaki kali. Jani la mkonge nilichora moja, nikalizungusha mpaka mmea ukatimia.

Sasa rangi, na hapa naomba mnisikilize. Jalada la kwanza nililipeleka kuchapwa mjini. Kwenye skrini gauni lilikuwa la chungwa linalowaka. Kwenye karatasi likarudi rangi ya matofali. Nilisikitika sana. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine huchapa kwa wino wa rangi nne, na baadhi ya rangi za mwanga wino hauzifikii. Dawa ipo humohumo ndani ya Krita: muombe fundi wa uchapaji faili ya profaili ya mashine yake, yaani inayoeleza rangi ambazo mashine hiyo inaweza kuchapa, iweke, kisha bonyeza Ctrl+Y uone picha itakavyotoka. Ukibonyeza Ctrl+Shift+Y, sehemu zitakazopotea zinawekewa alama. Tangu nianze kufanya hivyo sijapata tena mshtuko ule.

Na ukubwa upange kabla hujagusa brashi. Jalada la inchi 7 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2100 kila upande; mimi nilianza na 1000, nikalazimika kuchora upya lote. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4 na nikifika tabaka la kumi na nane (picha hujengwa kwa matabaka yanayowekwa moja juu ya jingine) inaanza kuhema, kwa hiyo nayaunganisha yale niliyokwisha kuyamaliza.

La saba liko mezani: mpiga ganuni, mzee, ameinamisha kichwa. Nyuzi zinapita 70, zote sambamba, na rula ya Krita inazishika vizuri. Vidole vyake bado. Kesho namwomba mjomba akae dirishani nivitazame vyake.