Mashine ya kusaga isiyopitisha ngano hapa Moro, na ile soksi niliyoishona mwenyewe

Najua watu wanatoa maoni ya simu na mahoteli, mi leo natoa maoni ya mashine ya kusaga, mtanisamehe. Nimeitumia miezi minane sasa na kama kwenu kuna mtu aliyekatazwa ngano na daktari soma mpaka mwisho, kama hakuna basi soma kipande cha kushona uende zako.

Binti yangu ana miaka tisa. Tumbo limemsumbua toka ana minne, akatibiwa amiba, akatibiwa minyoo, taifodi ndo usiseme, mtoto anazidi kukonda tu mpaka daktari mmoja akasema apimwe damu ya kitu kingine kabisa halafu akaingizwa kamera tumboni ndo ikajulikana ni siliaki. Kwa kifupi akila ngano, shayiri au rai (nafaka ya Ulaya, ndugu wa ngano) mwili wake unaushambulia utumbo wake wenyewe, na dawa hakuna, dawa ni kuacha, maisha yake yote. (Hapa hapa niseme, usimwachishe mtoto ngano kabla hajapimwa, ukimwachisha mapema majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa upo.)

Wiki ya kwanza nililia kama msiba. Chapati, maandazi, mkate wa asubuhi, sambusa za Ramadhani, vyote basi. Bibi yake akaniangalia akaniuliza, "Kwani mwanangu, mi nilikulea kwa ngano gani?" Nikanyamaza maana ni kweli, tumekula ugali, wali, muhogo, ndizi, uji wa ulezi, na jioni kitumbua cha mchele, hamna ngano hata punje. Lakini nilikuwa sijaelewa bado, nikaenda supamaketi nikanunua ule unga wa pakti kutoka Ulaya wa wasiokula ngano, kilo moja bei yake ningepata mchele wa wiki nzima. Nyumbani navaa miwani nasoma nyuma: unga wa mchele, wanga wa mahindi, tapioka. Tapioka ni wanga wa muhogo jamani!! Muhogo umepanda ndege umekuja kuniuzia mimi wa Morogoro.

Basi nikaamua kusaga mwenyewe, na hapo ndo nikagundua chakula chetu hakina shida, shida ni njia kinayopita. Mashine nyingi zinasaga kila kitu, mama mbele yako kaleta unga wa lishe, na lishe za siku hizi nyingi zina ngano ndani pamoja na soya na karanga, wewe unamwaga mchele wako juu ya mabaki yake. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwenye chakula kinachoandikwa hakina gluteni, yaani ile protini ya ngano, shayiri na rai inayomdhuru, ni miligramu 20 kwa kilo. Unga wa ngano karibu sehemu moja ya kumi ndo gluteni yenyewe, sasa piga hesabu, gramu moja tu ya unga wa ngano ikiingia kwenye kilo tano za mchele wako umeshafika mpakani. Gramu moja ni ile inayobaki kwenye kucha za kijana wa mashine!

Hii mashine ninayoisifia ipo njia ya sokoni, jina sitaji, mzee mwenyewe hapendi makuu. Ana vinu viwili. Kimoja kinasaga chochote, cha pili alikuwa anasagia mahindi na mchele tu kwa sababu zake za biashara, wateja wake wa vitumbua hawataki unga wenye rangi. Nilipomweleza habari ya mtoto hakunicheka kama wengine walivyonicheka, akaniuliza maswali matatu manne ya maana halafu akasema njoo saa moja asubuhi kabla kinu kingine hakijaanza, vumbi likiwa halijasimama. Hilo la vumbi mi mwenyewe sikuwa nimelifikiria.

Utaratibu wetu uko hivi, naanza na kilo mbili za chenga, zile za bei ya chini, zinapita zinasafisha chekeche na nyundo, unga wake napeleka kwa kuku. Halafu ndo nasaga wangu. Mchele nauosha siku mbili kabla na kuuanika ukauke kabisa, ukiwa na unyevu unaziba chekeche na mzee ananuna. Muhogo mkavu namalizia mwishoni.

Sasa soksi. Mnaijua ile nguo ndefu inayofungwa mdomoni pa mashine unga unapotokea? Mi naiita soksi. Mwezi wa kwanza nafanya usafi wote huo na mtoto bado tumbo linajaa, nikawa nakaribia kukata tamaa, mpaka siku moja mzee kaikung'uta ile nguo mbele yangu likatoka wingu la unga, nikamuuliza hii inafuliwa lini, akacheka, na akakubali kwamba wakiharibikiwa na ya kinu kile kingine wanaazimana. Kumbe!

Nikaenda dukani nikanunua marekani yadi mbili na nusu, kitambaa kile kile babu zetu walikipa jina la Wamarekani kwa kuwa ndio walioshusha majora yake Zanzibar karne ya 19, na mpaka leo kwa kazi ya unga sijaona mpinzani, hakina rangi ya kuchuja na kinapumua. Nikakifua kwanza kwa maji ya moto maana kinarudi, usikate kabla ya kufua utajuta. Cherehani yangu ni ya mguu, ya mama, inapiga mshono mmoja wa kwenda mbele na kurudi nyuma basi, na inatosha. Nilipima mzunguko wa mdomo wa mashine kwa kamba nikaongeza vidole vinne, nikashona bomba refu kama mkono wa kanzu, juu nikapitisha kamba ya kukazia. Mshono nimeupiga mara mbili, kwanza nje halafu unageuza unapiga tena ndani ili ncha za kitambaa zifichike, la sivyo unga unajificha kwenye nyuzi. Nafika, naifunga, nasaga, naifungua narudi nayo kwangu.

Kilichobaki nikashona mifuko ya kilo tano. Kata sentimita 110 kwa 38, kunja katikati, mshono ule ule, juu acha njia ya kamba. Mdomoni nimezungushia vipande vya kitenge, kijani ni mchele, njano mahindi, nyekundu muhogo, hata dada wa kazi hachanganyi. Binti naye kapata aproni ya khanga kuukuu na kifuko cha kubebea vitumbua shuleni, hicho kifuko ndo kakipenda kuliko mimi mama yake.

Kasoro zipo. Foleni Jumamosi ni balaa, umeme ukikatika mnakaa kwenye benchi mpaka mchana, na chekeche la mchele linahitaji kubadilishwa, unga wa sasa una chembe, vitumbua havioni tabu ila mkate wa kumimina unakuwa mkavu. Na mwezi wa nne kijana mgeni alisaga lishe ya mtu kwenye kinu chetu mzee akiwa msibani, hakusema, mtoto akaumwa siku nne. Mzee alivyojua alinirudishia hela yote, akafungua kinu akakipiga brashi mwenyewe, na ukutani kaandika kwa mkaa NGANO HAPANA. Sijasahau, lakini na hilo nalihesabu.

Chapati za mchele na muhogo, unga nusu kwa nusu unakandwa kwa maji yanayochemka, sio chapati, tusidanganyane, zinakunjika zikiwa za moto zikipoa zinakatika. Kwa mchuzi wa maharage anakula tatu. Ameongezeka kilo nne toka Januari.

Nampa mzee nne kati ya tano, ile moja ni ya chekeche. Nenda na chenji, nenda mapema, nenda na soksi yako. Ukikosa ya kwako usiulizie ya kwangu, nimeshaulizwa na watu watatu na sasa mzee mwenyewe anataka nimshonee mbili za kile kinu kingine, bei bado tunavutana.