Hifadhi ya Nyerere kwa gari, kwa boti na kwa miguu: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Kama mfuko wako unaruhusu kulipia kitu kimoja tu ndani ya Hifadhi ya Taifa Nyerere, lipia boti. Gari ndilo utakalouziwa kwanza na kila kampuni, na matembezi ya miguu ndiyo niliyoyapenda kuliko yote, lakini boti itakupa usichoweza kukipata Mikumi wala Ngorongoro.

Hifadhi hii ilimegwa kutoka Pori la Akiba Selous mwaka 2019, na ukubwa wake unazidi kilomita za mraba 30,000. Namba hiyo isikutishe wala isikuhadae. Mgeni wa kawaida huzungukia kipande kidogo cha kaskazini, kuanzia lango la Mtemere kuelekea maziwa yanayolishwa na mto Rufiji: Nzerakera, Siwandu, Manze, Tagalala. Sisi tulitoka Dar es Salaam kwa barabara kupitia Kibiti hadi Mloka, na lami ilipokwisha kiuno kilijua. Wenye uwezo hupanda ndege ndogo, wakafika kabla hujavuka Mkuranga. Ipo pia reli ya TAZARA inayokatiza hifadhi, na abiria wake huona tembo na twiga dirishani bila kulipia utalii wowote, ingawa treni haisimami kwa ajili ya twiga.

Gari kwanza. Tulipewa Land Cruiser ya wazi pembeni, yenye turubai juu, na dereva aliyeijua mbuga kama shamba lake. Faida ya gari ni masafa: asubuhi moja tulipita makundi ya swala pala, pundamilia, nyati na twiga, tukamkuta simba jike na watoto wake kwenye kivuli, tukala mkate na mayai karibu na chemchemi za maji moto za Tagalala. Jambo lililonishangaza ni jinsi simba wale walivyotupuuza. Dereva alieleza kwamba mnyama aliyezoea magari haoni watu ndani yake. Anaona kitu kimoja kikubwa, chenye harufu ya mafuta, ambacho hakijawahi kumfukuza wala kumlisha. Ndiyo maana unaambiwa usisimame na usitoe mkono nje. Ukilivunja umbo lile, ghafla wewe ni binadamu, na simba ana maoni yake kuhusu binadamu.

Kwa hiyo gari linakupa mnyama asiyekujali, na hilo ni zuri kwa picha. Tatizo ni redio. Dereva mmoja akiona chui au mbwa mwitu, wenzake wote wanajua, na dakika chache baadaye mko magari kadhaa mnapokezana nafasi huku injini zikiunguruma. Mbwa mwitu hawa ni adimu Afrika nzima, na eneo la Selous na Nyerere ni mojawapo ya ngome zao kubwa. Tuliwakuta wamelala kwenye joto, masikio tu yakicheza. Ningekaa nao hadi jioni waamke wawinde. Lakini kampuni yetu ilikuwa imeshapanga tuwahi chakula cha mchana, na dereva hakuwa na mamlaka ya kubadili ratiba. Ulizeni hilo mapema: je, siku ni yenu au ni ya jiko la kambi? Na msivae bluu iliyokoza wala nyeusi. Mbung'o wanazipenda rangi hizo, na wanafuata kitu kinachotembea, kwa hiyo gari likikata kwenye miombo wanaingia nalo kama abiria.

Boti ni habari nyingine kabisa. Tulipanda saa 10 jioni, jua limeanza kupoa, boti ya bati yenye injini ndogo na kiti cha mtu mmoja mmoja. Rufiji wakati wa kiangazi ni mto mpana wenye mafungu ya mchanga, na mafungu hayo huhama kila masika, kwa hiyo nahodha hasafiri kwa ramani, anasoma rangi ya maji. Pembeni kuna kingo za udongo zilizotobolewa matundu mengi na keremkerem, wale ndege wala nyuki wenye rangi kali, na juu ya mivumo iliyokufa, ile miti mirefu jamii ya mnazi, hukaa furukombe wakisubiri samaki. Mimi si mtu wa ndege hata kidogo. Siku ile nilisahau kuuliza tembo wako wapi.

Viboko ndio wenye mto. Kila tulipokaribia kundi, nahodha alipunguza mwendo na kugonga ubavu wa boti. Nilidhani anawafukuza, kumbe anawaita juu: kiboko anaweza kukaa chini ya maji kwa dakika kadhaa, na hatari ni yule usiyemwona. Wakiibuka na kukoroma unawahesabu, unajua upite wapi. Kanuni yake ya pili ilikuwa kutokaa kati ya kiboko na maji ya kina, kwa sababu akishtuka anakimbilia kwenye kina, na chochote kilicho njiani ni shauri yake. Yule anayepiga miayo hana usingizi, anakuonyesha meno. Mamba, kwa upande wake, anaachama ili kupunguza joto, na tulipozima injini mmoja aliendelea kuota jua karibu nasi bila kupepesa, kisha akateleza majini pasipo kelele hata kidogo. Kwenye boti mnyama anajua upo, anakupima, na ana mahali pa kwenda. Jambo jingine ambalo gari lisingenionyesha: twiga wapo upande wa kaskazini mwa Rufiji tu. Ng'ambo ya pili hawapo. Ukiwa katikati ya mto unaona pande zote mbili na unaelewa maji yanaweza kuwa ukuta.

Kasoro moja: maboti mengine yana turubai lililoshuka sana, na mtu mrefu anaona mapaja yake zaidi kuliko mto. Likague kabla ya kupanda.

Sasa miguu. Hapa huondoki bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, na ada yake hulipwa mbali na kiingilio. Mnatembea kwa mstari mmoja, kimya, askari mbele. Alikuwa na mfuko mdogo wa majivu. Kila baada ya muda aliukung'uta na kuangalia vumbi linaelekea wapi, maana upepo ndio unaompelekea mnyama harufu yetu. Ndipo nilipoelewa kwamba sasa mambo yamegeuka: kwa miguu mnyama anakujua kabla hujamjua. Swala pala walewale waliotutazama kwa uvivu tukiwa garini walikimbia tukiwa mbali sana, kabla hata sijatoa darubini.

Ukifuata wingi wa wanyama, matembezi yatakuudhi. Tuliona ngiri, kuro wachache, na tembo kwa mbali ambaye askari aliamua tumzunguke kwa duara kubwa. Lakini nilisoma ardhi kwa mara ya kwanza. Kinyesi cheupe ni cha fisi, kwa sababu ya mifupa anayotafuna. Kilichotapakaa kichakani ni cha kiboko, anayekirusha kwa mkia usiku akienda malishoni. Alama ya mguu wa simba haina kucha, ya fisi na mbwa mwitu inazo. Ndani ya kinyesi cha tembo kulikuwa na kokwa nzima za mvumo, nikajua nani amekuwa akiipanda ile mivumo yote. Na moyo wangu ulidunda kwa saa zote zile, jambo ambalo simba wa garini hakulifanya hata kidogo.

Mkienda, ombeni ratiba iwe hivi: boti jioni ya kwanza, gari kutwa nzima siku inayofuata, matembezi alfajiri ya mwisho, mkiwa mmeshazoea harufu na sauti. Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Masika barabara hazipitiki na kambi nyingi hufungwa. Raia wa Afrika Mashariki bebeni vitambulisho, kiingilio chenu ni tofauti na cha mgeni, na malipo ya TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, hayapokelewi kwa noti mkononi. Watoto wadogo waishie kwenye safari za gari na boti, matembezini hawachukuliwi. Kampuni yetu naipa alama nne kati ya tano, ile moja imekwenda na mbwa mwitu tuliowaacha wamelala.