Uzoefu wangu na kipima mkato cha mkono kwenye tope la mikoko

Kifaa hiki, kinachopima nguvu ya udongo laini kabla haujakatika, nimekitumia miezi minane, juu ya tishari, kwenye hori la mikoko huko Tanga tunakojenga gati dogo la wavuvi. Zamani sampuli zote zilikwenda maabara mjini. Tulizifunga kwa nta vizuri, lakini barabara ina mashimo, na tope laini likitikiswa njia nzima hufika limeshachoka.

Sasa bomba la sampuli likitoka majini tu, nakwangua tope la juu lililovurugika, nachomeka mabapa manne yaliyokaa kama msalaba, nazungusha polepole kwa kasi moja. Udongo ukikatika mkono unajua: uzito unapotea ghafla, na pete ya namba inabaki ilipofikia. Siku ya kwanza ilisoma kilopaskali 14 (kilopaskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo). Nikazungusha mara 25 kuuvuruga, nikapima tena: 4. Bomba lililochukuliwa pembeni yake maabara ilisoma 9. Kwa anayepanga urefu wa nguzo, tofauti hiyo ya 14 na 9 ni mita kadhaa za chuma.

Mabapa yapo ya saizi tatu, upana wa milimita 16, 20 na 25.4, na hupima hadi kilopaskali 260, 130 na 65. Kwa tope la mikoko chukua makubwa. Upana na urefu wa bapa vikiongezeka maradufu, nguvu ya kuzungusha inapanda mara nane, kwa hiyo hata udongo dhaifu unasomeka.

Kwenye mchanga na vipande vya matumbawe usikitumie. Ganda moja la chaza likikwama kati ya mabapa, namba inaruka na utadhani umepata udongo mgumu. Mimi kila mara napasua sampuli baada ya kupima, niangalie ndani. Mchanga wa aina hiyo unataka mtambo wa koni, yaani fimbo yenye ncha inayosukumwa ardhini sentimita 2 kwa sekunde, na hata hapo tahadhari: North Rankin, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguzo za jukwaa la gesi zilikuta mchanga wa chokaa uliozishika kidogo sana kuliko ilivyotarajiwa.

Lalamiko langu ni kwa duka: kililetwa bila cheti cha kuthibitisha kuwa kinasoma sawasawa, na barua zangu mbili hazikujibiwa. Nilikihakiki mwenyewe kwa mkono wa chuma na mawe ya mizani. Pia kioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni. Nilikilaza mara moja na chumvi, asubuhi springi ikawa nzito.

Maji yakipwa, naunganisha fimbo za nyongeza na kupima tope pale pale lilipo, bila bomba. Hapo ndipo nakiamini zaidi.