TAHADHARI: Mpambaji wa bebi shawa anayekula michango ya watu hapa Dar

Jamani, naandika hasira bado ziko kooni, mnivumilie nikirukaruka. Kuna mtu Instagram anajiita mpambaji wa bebi shawa, kicheni pati na besdei, anasema ofisi yake iko Sinza. Hana ofisi. Ni tapeli. Amekula milioni moja na laki moja ya michango ya watu na kutuaibisha mbele ya mama kijacho wetu, ambaye mnajua mwaka jana alipitia nini. Katika watu wote, yule!

Jina la ukurasa siliandiki kwa sababu suala liko polisi. Kama una mpambaji wa Sinza uliyempata Instagram na bado hujalipa, nifuate pembeni nikuambie kama ndiye.

Kwenye kundi mnaniuliza nilimwaminije mtu sijamwona. Nilimwamini kwa sababu anaijua kazi! Kabla hajataja bei aliuliza mimba ina miezi mingapi, mama anavimba miguu au ana presha, asije akaleta kile kiti kirefu cha kifalme ambacho mjamzito akishakaa kuinuka ni shughuli. Akauliza swichi za umeme ziko ukuta upi na feni ziko wapi, zisije zikapasua maputo. Tapeli gani anaulizia feni? Akanitumia sauti, nyuma mtoto analia, anasema "subiri mamii, ninyonyeshe kwanza." Mwanamke mwenzangu, mzazi. Nikamsimulia habari ya shosti yetu, akanirudishia sauti nyingine ndefu anamwombea, kwamba safari hii Mungu amfungulie salama na abebe mtoto wake mikononi. Nililia nikiisikiliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Tulikubaliana nusu kwanza, nusu akishamaliza kupamba. Laki tano na nusu ya kwanza nikatuma, ikaja meseji ina jina la mwanaume. Nikamuuliza. Akasema laini yake imefika kikomo, hiyo ni ya mume wake.

Jumamosi asubuhi niko saluni, nusu kichwa kimesukwa, anapiga. Anahema. Mwenye maputo ya gesi Kariakoo kagoma kukopesha, gari imeshapakiwa, dereva anataka kuondoka, nimmalizie ili wawahi. Ikaingia picha ya kirikuu imejaa maua na mazulia meupe. Dada anayenisuka akaiona, akasema "mtumie tu, mtachelewa." Nikatuma iliyobaki nikiwa nimekaa palepale, na kitana kichwani.

Ukumbi uko Kimara. Saa saba nikampigia, wako Magomeni. Saa nane, wako Ubungo, foleni. Foleni ya Ubungo kila mtu anaijua, nikawaambia wenzangu watulie. Saa tisa simu haipatikani. Nikaenda Instagram, kanibloku. Miguu iliniisha nguvu.

Na mama kijacho tayari yuko njiani, mume wake anamleta kafungwa kitenge machoni, maana ilikuwa sapraizi. Shangazi na mama mdogo wakavua khanga zao wakaanza kuzitundika ukutani kwa pini za nywele. Hata hawajamaliza, akaingizwa, akafunguliwa macho. Ukuta mtupu, viti vya plastiki, na sisi tumesimama na sare zetu za pichi. Akauliza, "Nimewahi sana?" Nilitoka nje.

Huduma kwa wateja wakaniambia hela yote imeshatolewa kwa wakala. Mdogo wangu akaufungua ukurasa kwa simu yake: bado upo, na mteja mwingine anaulizia bei ya mwezi ujao!

Huyu mtu afungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, ya nini kama mtu anakula hela za mjamzito na kesho yake anaposti? Afungwe yeye, na huyo "mume" ambaye laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake na alama zake za vidole. Msiniambie nimwachie Mungu. Mungu tutamwomba, na polisi tutaenda.

Mambo ambayo binamu yangu aliyaona baadaye kwenye picha zake: soketi za ukutani zina matundu mawili ya duara, si hizi zetu za pini tatu. Gari la maua usukani uko kushoto. Hizo picha si za Tanzania. Maoni kayafunga, hakuna mteja hata mmoja aliyetagiwa. Na kila nikisema nipite ofisini, yuko "saiti". Mkiona mtu wa hivyo na jina kwenye muamala si lake, msitume.

Namba zake zote mbili nimeziripoti 15040, ile namba ya kuripotia meseji za utapeli. Ukitumiwa meseji na huyu, nawe iripoti hukohuko, zifungwe haraka.

Kama alishakula hela yako, usifute meseji ya muamala wala zile sauti zake. RB ninayo, ile namba ya taarifa unayopewa polisi. Jumatatu asubuhi narudi kituoni na wenzangu wawili wa kamati, na mpelelezi kasema tukiwa walalamikaji wengi inasaidia. Nitafuteni kabla ya hapo, twende pamoja.